Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Nne kwa Mgeni Rasmi, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wahitimu wenzetu: shikamooni, na karibuni sana.

Taarifa ya taaluma ataisoma Mkuu wa Shule. Sisi tumeomba kusema jambo tuliloliona wiki hii.

Tangazo la maandalizi ya mahafali haya halikutaja msichana wala mvulana. Hata hivyo, leo saa kumi na moja alfajiri wasichana wote tulikuwa nyuma ya bwalo tukimenya ndizi za machalari, na wavulana wakifunga maturubai na kujaribu spika. Hakuna aliyetugawa. Ukitupa mkono wakati wa vyeti, angalia vidole: wenye utomvu ndio tuliokuwa jikoni.

Mvulana mmoja alichukua kisu akaketi nasi. Amelelewa na bibi yake huko Machame, nyumba isiyo na binti, na anamenya haraka kuliko sisi. Wa kwanza kumcheka, tunakiri, tulikuwa sisi wasichana. Ajabu ni kwamba wapishi wanaopanda na watalii Mlima Kilimanjaro wengi ni wanaume, wengine ni baba zetu, na hatujawahi kuwacheka. Labda kwa sababu kule kupika kunalipa.

Kwenye Uraia tumesoma kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Tumejibu swali hilo kwenye mitihani, tukapewa vema. Desemba tunarudi nyumbani, ukoo unakaa kuzungumzia kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo, na dada zetu wanaingia pale kupitisha chai tu. Katika masomo hayo mawili, Mheshimiwa, la pili halina daftari lakini ndilo tunalolikumbuka.

Na hapa shuleni bomba likikauka, wanaokwenda mferejini na ndoo ni wasichana, na kipindi cha kwanza kinatupita. Tuliwahi kupanga zamu ya wote. Ilidumu wiki mbili.

Ombi letu ni moja: tangi la lita 5,000 la kuvuna maji ya mvua kutoka paa la bwalo. Wakati tukilisubiri, wadogo zetu wa kidato cha tatu wamebandika upya orodha ya zamu ya ndoo, na jina la kwanza ni la kaka mkuu.

Tunaomba kuwasilisha.