Kwa mdogo wangu anayeongea peke yake kwenye tramu

Mdogo wangu,

Mama kaniambia siku hizi unaona aibu. Eti wanafunzi wenzako wa uuguzi walikukuta kwenye tramu hapo Leipzig, Ujerumani, ukinong'ona "der, die, das", vile vineno vya Kijerumani vinavyotangulia majina, huku mkono ukipunga hewani, wakaangua kicheko. Tangu hapo umefunga mdomo na kutia mikono mfukoni. Itoe!

Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi ya Kisovieti aliyefariki 1934 akiwa na miaka 37 tu, alilichunguza jambo hili kwa watoto. Mwanasaikolojia mwenzake, Jean Piaget wa Uswisi, alikuwa ameshaona kuwa watoto huongea bila kumwambia mtu, akalihesabu kuwa utoto utakaokwisha wenyewe. Vygotsky hakukubali. Aliwaacha watoto wachore, kisha akawatilia kikwazo, mathalani penseli ya rangi wanayoihitaji haipo. Maneno yao ya peke yao yakaongezeka karibu maradufu. Kwake, maneno hayo hayafi: mtoto akikua huzama ndani yakawa fikra, na mtu mzima akibanwa na kazi ngumu huibuka tena mdomoni. Na wewe umebanwa hasa, Kijerumani cha wodini juu ya Kijerumani cha mtaani. Wanaokucheka wanaongea lugha ya mama yao, watajuaje?

Mikono nayo ina kazi yake. Mwaka 1998 watafiti Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow walionyesha kuwa waliozaliwa vipofu hupunga mikono wakiongea, hata na kipofu mwenzao. Kwa hiyo mkono si wa msikilizaji peke yake. Chukua sentensi yako ya kila asubuhi, "Ich mache das Fenster auf", yaani nafungua dirisha. Hiyo "auf", kipande cha kitenzi kinachobeba kufungua, inakuja mwisho kabisa, wakati mkono wako umeshafungua dirisha zamani. Uache ufungue. Ila usiushushe kabla neno halijatoka, maana ukizoea kuonyesha tu, mgonjwa atakuelewa na wewe hutajifunza.

(Na huko kuhesabu huanza na dole gumba. Kidole cha shahada peke yake kinaweza kumchanganya muuza mkate.)

Kama aibu bado ipo, weka simu sikioni ukinong'ona; watadhani unaongea na mimi. Au nipigie kweli, Jumapili sina zamu.

Dada yako