Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tutaulizwa Kilichomo Ndani ya Jengo

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliazimia kwamba taarifa ya mwenyekiti isiishie kwenye ada na idadi ya vikao, bali ieleze pia sekta ya ujenzi duniani inakoelekea. Hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma mwenyewe. Mimi nashughulikia hilo la pili.

Nianze na ugomvi. Kamati tendaji ilimaliza robo nzima ya mwaka ikibishana kama chama kinunue mashine ya kuchapa kuta za zege, yaani inayomwaga zege tabaka juu ya tabaka ikiongozwa na kompyuta, ili wanachama wajifunzie. Walioitaka hawakuwa wanaota. Malawi, mwaka 2021, kuta za shule zilichapwa kwa saa 18, na huko Texas umejengwa mtaa wa nyumba 100 kwa njia hiyo. Tulioikataa tulisema ukuta peke yake si nyumba: msingi, paa, mabomba, nyaya na umaliziaji vinawasubiri mafundi walewale, na huko ndiko muda na fedha nyingi huishia. Hatukununua. Nakiri hata hivyo kwamba mimi nilikuwa nimekwisha kuamua kabla ya kusikiliza upande wa pili, na hilo halikuwa jambo la kujivunia kwa anayeendesha kikao.

Ujenzi wa kiwandani una mizizi zaidi. Changsha, nchini China, jengo la ghorofa 57 lilisimamishwa mwaka 2015 kwa siku 19 za kazi, vipande vikitoka kiwandani vikiwa tayari. Lakini mwaka huohuo Marekani ilianzishwa kampuni ya Katerra, ikakusanya takribani dola bilioni 2 ili ijenge kwa mtindo wa kiwanda, na Juni 2021 ikafilisika na kuomba mahakama iilinde dhidi ya wadai. Matatizo yake yalikuwa mengi, ila moja kila mkandarasi analijua: kiwanda kinadai mishahara na umeme kila mwezi, na miradi yetu huja kwa mafungu. Sweden, ambako nyumba nyingi za familia moja hutoka kiwandani, soko limezoea hivyo kwa miongo mingi. Anayetaka kufungua kiwanda ahesabu kwanza oda zake za miaka mitano, ndipo ahesabu mashine.

Sasa niingie kwenye saruji, kwa sababu naamini mabadiliko makubwa yapo humo na tunayapita tukitazama roboti. Dunia huzalisha takribani tani bilioni 4 za saruji kwa mwaka, na kazi hiyo inachangia kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Wengi hudhani lawama ni ya makaa yanayowashwa tanurini. Ni sehemu tu. Chokaa ghafi inapochomwa hadi kufikia klinka, yaani vibonge vigumu vinavyosagwa kuwa saruji, kwenye joto la karibu nyuzi 1,450, jiwe lenyewe huachia hewa ukaa, na hiyo ndiyo zaidi ya nusu ya hewa yote. Hata tanuri likiwashwa kwa jua, jiwe litaendelea kuitoa.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kupunguza klinka. Mchanganyiko uliotukalisha sana kwenye kamati ya vifaa ni ule uliobuniwa na watafiti wa Lausanne, Uswisi, wakishirikiana na wenzao wa Cuba na India: nusu klinka, asilimia 30 udongo mfinyanzi uliochomwa, 15 chokaa isiyochomwa, 5 jasi. Udongo huo huchomwa kwa nyuzi kama 800 tu, na hewa ukaa hupungua kwa karibu asilimia 40. Udongo unaofaa ni mwingi hasa katika nchi za joto. Kasoro ipo: nguvu za siku ya kwanza ni ndogo, kwa hiyo mkandarasi mwenye haraka ya kufungua mbao za zege atanung'unika. Baada ya wiki moja hivi hulingana na saruji ya kawaida. Na wasanifu wenzangu wanisamehe, lakini zege la bei nafuu kuliko yote ni lile ambalo halikumwagwa. Sakafu zetu nyingi ni nene kuliko mahitaji, na majengo yanayoweza kukarabatiwa tunayabomoa.

Serikali hazisubiri tukubaliane. Ufaransa ilianza mwaka 2022 kuweka ukomo wa hewa ukaa kwa nyumba mpya, kuanzia vifaa hadi matumizi. Denmark ikafuata 2023 kwa majengo makubwa. Tangu Januari 2026, saruji na chuma vinavyoingia Umoja wa Ulaya vinatozwa kulingana na hewa ukaa vilivyotoa wakati wa kutengenezwa. Mteja atataka karatasi inayoonyesha kilichomo, na bei peke yake haitamtosha.

Kutunza kumbukumbu za kilichomo ndani ya jengo kuna sababu nyingine, nzito zaidi. Jengo la Grenfell jijini London liliungua Juni 14, 2017, watu 72 wakafa, na moto ulipanda kupitia vifaa vilivyobandikwa ukutani wakati wa ukarabati. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2022 sasa inataka taarifa za majengo marefu ya makazi zitunzwe kidijitali maisha yote ya jengo. Modeli za kompyuta ambazo wengi wetu tunazitumia kupata picha za kumvutia mteja kazi yake halisi ni hiyo.

Kuhusu watu nitasema kwa ufupi. Japani, zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa ujenzi wana miaka 55 au zaidi, na tangu Aprili 2024 saa za ziada zina ukomo wa kisheria. Qatar, tangu 2021, imezuia kazi za juani kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, Juni 1 hadi Septemba 15. Ratiba zinazochorwa kana kwamba fundi ana siku nzima na ujana usioisha hazitatekelezeka.

Kamati inaleta mambo mawili yapigiwe kura. Kwanza, mkataba wetu wa mfano uongezwe kifungu kinachomtaka mkandarasi akabidhi, pamoja na funguo, kumbukumbu ya michanganyiko na vifaa vyote vilivyotumika. Pili, fedha zilizobaki baada ya kuiacha ile mashine zigharamie majaribio ya saruji yenye klinka kidogo, na waashi wawepo, wasiletewe matokeo tu.

Wanachama kadhaa wameomba suala la mashine lirudishwe mezani. Katiba inawaruhusu. Limewekwa mwisho wa ajenda, na kwa kipengele hicho kiti atakikalia makamu wangu.

Mwenyekiti