Kukwangua kidogokidogo hakuokoi kisu

Mhariri, naomba nafasi niseme na mafundi wenzangu wa leth, ile mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga, maana hili jambo linanikera kweli. Karakana nyingi kijana anaambiwa kata kidogokidogo visu vya kabaidi (ile ncha ngumu sana ya kukatia chuma) visiishe, halafu ili kazi iwahi anapandisha spidi ya mzunguko, hapo ndo kisu kinakufa! Mmarekani Frederick Taylor alifanya majaribio ya kukata chuma zaidi ya miaka 20, akayachapisha 1907, na mafundi bado wanatumia hesabu yake: kinachomaliza kisu zaidi ni spidi, inafuata fidi, yaani kisu kinasogea kiasi gani kila chuma kikizunguka mara moja, kina cha mkato kinakuja mwisho kabisa. Kwa kabaidi ukiongeza spidi asilimia 20 tu uhai wa kisu unashuka karibu nusu. Chuma cha kusubu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu ya mchanga, ndo usiseme, lile ganda la juu ni gumu na lina mchanga, ukilipitia juujuu ncha yote inasagika, we zama milimita 2 au 3 mkato wa kwanza ncha ifanyie kazi chini ya ganda. Wakubwa wa karakana waruhusuni vijana wazame jamani. Mashine ikianza kutetemeka ndo wapunguze kina, na shafti ndefu nyembamba ishikiliwe mwisho kwa senta, ile ncha ya mashine inayoegemeza mwisho wa shafti.