Kubadili msimulizi si kubadili viambishi tu

Mhariri,

Mchangiaji wenu wa ukurasa wa fasihi amewashauri waandishi chipukizi kwamba hadithi fupi ikikwama, waihamishie nafsi ya kwanza. Sipingi, ila ushauri wenyewe umeachwa nusu.

Nilipokuwa nikifundisha fasihi niliwapa wanafunzi kisa hiki wakihamishie nafsi ya kwanza: mzee anamsubiri mwanawe aliyeahidi kufika jioni. Mwana amefia njiani. Jirani ameshapata habari, naye amekuja kuketi na mzee. Wengi waligeuza “alikaa” kuwa “nilikaa” wakadhani kazi imekwisha, kumbe mzee wao bado alikuwa akieleza ajali ambayo hakuiona.

Kisa kikisimuliwa na msimulizi maizi, yule aliye nje ya kisa na anayejua yote, sisi tunajua ya kifo kabla ya mzee, na kila anapochungulia dirishani roho inatuuma. Akisimulia mzee mwenyewe tunasubiri pamoja naye. Ila hapo pana mtego. Anayesema “nilimsubiri” anasimulia mambo yakiwa yamepita, kwa hiyo anajua mwisho wake. Akitubania habari hadi aya ya mwisho, msomaji makini ataona amechezewa. Basi ama asimulie kwa wakati uliopo, “namsubiri”, ama aseme mapema kwamba kijana hakufika, ili hamu yetu ihamie kwa yule aliyejua akanyamaza.

Sasa mpe jirani kisa hicho hicho. “Jioni nzima nilimzungumzisha habari za mvua.” Kifo kimerudi nyuma, na mbele yetu yupo mtu aliyeshindwa kufungua kinywa. Hata mzee anabadilika: hatujui tena anawaza nini, tunaona mikono yake tu. Toleo hili ndilo nililolipenda kuliko yote, na ndilo wanafunzi walilolikwepa, eti jirani ni mhusika mdogo.

Mwandishi Mmarekani William Faulkner, katika hadithi fupi “A Rose for Emily” ya mwaka 1930, aliwapa usimulizi watu wa mji kwa jumla, “sisi”. Wao humtazama Emily kwa nje na kumsengenya, na chumba chake cha juu, chenye siri yake, hufunguliwa baada ya yeye kuzikwa. Angesimulia Emily mwenyewe, sijui siri hiyo ingefichwa wapi.

Nikubali jambo moja kwa mchangiaji wenu: katika Kiswahili, watu wawili wakiwa chumbani, “alimtazama” humwacha msomaji akijiuliza nani kamtazama nani, na nafsi ya kwanza huliondoa tatizo hilo mara moja. Lakini hiyo ni nafuu ya sarufi. Mwandishi bado hajajiuliza msimulizi wake anajua nini, amekijua lini, na kwa nini anatuambia.

Ningeomba ukurasa wenu uchapishe kisa kimoja kwa wasimulizi wawili, bega kwa bega, wasomaji wapime wenyewe. Nafasi ikiwa finyu, mpeni jirani peke yake.

Mwalimu mstaafu wa fasihi