Kanga nyekundu, ukuta wa kijani

Iringa, mwezi wa saba

Shoga yangu,

Kamwene. Baridi ya huku haina tofauti na ya kwenu Mbeya, kwa hiyo niende moja kwa moja kwenye picha za nyeusi na nyeupe ulizonitumia.

Yule mama wa kanga nyekundu mbele ya duka la kijani hakuharibiwa na kamera. Kwa macho rangi zile zinagombana, lakini ukiziondoa rangi, zote mbili zinaangukia kijivu kilekile, mama anazama ukutani. Piga RAW (faili ghafi la kamera) yenye rangi, na unapoigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, uipandishe mwanga nyekundu kidogo: kanga itang'aa, ukuta utabaki na giza lake. Kidogo, nimesema! Ngozi zetu nazo zina wekundu. Ukizidisha zinapauka, unakuwa umemchubua mama wa watu kwa kompyuta.

Ukuta wa chokaa una kesi yake. Weupe ukijaa kwenye fremu, kamera inabana mwanga na uso unakuwa mkaa. Ongeza stopu moja (yaani mwanga mara mbili), hata moja na nusu.

Halafu acha kukimbiza watu. Chagua ukuta au ngazi, pima mwanga, kisha subiri mtu apite. Kwa lenzi yako ya milimita 35 kwenye fulfremu (kihisi chenye ukubwa wa filamu ya kawaida), tundu la lenzi f/8, fokasi ikiwa mita 5, kila kitu kinatoka vizuri kuanzia mita 2 na nusu kwenda mbele. Spidi iwe 1/500 ya sekunde. Anayewahi sokoni hatembei taratibu.

Wauza parachichi ndio wagumu. Jua likishapanda, beseni la kichwani linamwaga kivuli usoni hadi kidevuni. Wahi kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, mwanga ungali unaingia chini ya ukingo wa beseni. Mchana hamia kwenye kuta zinazotazama kusini: miezi hii jua liko kaskazini yetu, kuta hizo zinabaki kivulini na mwanga wake ni laini.

Nguzo zako zinaanguka nyuma kwa sababu unainua kamera. Rudi hatua kadhaa, ishushe hadi kifuani, iwe wima. Vivian Maier, yaya wa Chicago aliyepiga picha za mitaani, aliinamia Rolleiflex yake (kamera unayoitazama kutoka juu) hivyohivyo, ndiyo maana watu wake wengi wanasimama warefu.

Ukishapiga, msalimie mama, mwonyeshe. Akikataa, futa mbele ya macho yake.

Nitumie RAW ya yule wa kanga, si ile uliyokwisha kuigeuza.

Shoga yako