Hela ya bima imetugombanisha ndugu

Mhariri, naomba kanafasi niwajibu wale wanaosema eti nyumba ikiungua aliyekata bima ndo mwenye hela yote. Hata mimi nilikuwa naamini hivyo mpaka yaliponikuta.

Vitu vilivyoungua vilikuwa vyetu sote, makochi ya mama, cherehani 2 za dada, kompyuta ya mdogo wangu, ila bima ilikuwa kwa jina langu na primiamu, yaani ada ya bima, nalipa mimi, basi na hundi ikatoka kwa jina langu. Hapo ndo shughuli ikaanza, dada anapiga hesabu ya cherehani mpya, mimi nahesabu miaka niliyolipa primiamu peke yangu, mama kanyamaza tu, na mama akinyamaza ujue mambo yameharibika.

Sasa wengi hawajui kwamba hundi inaandikwa jina moja ila hesabu yake inapigwa kwa orodha. Asesa, yule mtu wa kukadiria hasara kwa ajili ya bima, alikaa na sisi akaandika kitu kimoja kimoja, kilinunuliwa lini, kilikuwa na hali gani, halafu wakatoa uchakavu kwasababu bima yetu ilikuwa ile ya kulipa thamani ya kitu siku kilipoungua, siyo ile ya kununuliwa kipya ambayo primiamu yake huwa juu. Na kuna panga jingine hapo, ukikata bima pungufu. Yaani una vitu vya thamani ya 100 umevikatia bima ya 60, vikiungua vya 50 wanakupa 30 tu. Dada kuona cherehani zake zimerudi kidogo vile akasema nimekula. Sijala! Ila ile 60 niliiandika mimi, nilitaka primiamu ishuke, na kwa aibu hiyo mchanganuo wa kampuni nikaukalia wiki 2 nzima, ndo wakazidi kuamini nimekula.

Siku nilipouweka mezani kelele zikapungua, tukagawana kwa orodha, kila mtu na mistari yake. Dada lakini anataka nimlipe na lile pengo la bima pungufu, mimi namwambia mbona kwenye primiamu hukuwahi kuchangia hata mara moja, ananijibu hukuwahi kuniomba (na kweli sikuwahi). Hapo ndo tumekwama mpaka leo. Kama kuna msomaji aliyewahi kuamua ugomvi wa hivi aandike, maana mimi na dada hatusalimiani.

Msomaji wenu