Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu na Michezo wa Uganda: sanaa ifundishwe pamoja na kazi yake

Mheshimiwa Waziri,

Salaam nyingi kutoka Jinja.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho ninachokifundisha, na kwa kuwa Baraza la Mawaziri liliamua Julai 2022 kwamba kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Somo langu la pili ni Sanaa za Maonyesho, na hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Ni somo la hiari, vipindi vyake ni vya kubahatisha, na katika shule nyingi hukumbukwa pale tu mgeni rasmi anapotarajiwa. Mgeni akija watoto wanavishwa, ngoma zinalia, picha zinapigwa. Akishaondoka, ngoma zinarudishwa stoo, chini ya madawati yaliyovunjika.

Sina ugomvi na ngoma za kumpokea mgeni. Ninacholalamikia ni kwamba tunamfundisha mtoto kucheza, kuimba na kuchora, halafu tunamwacha njiani bila kumweleza kazi hiyo inaendeshwaje: nani humlipa nani, mkataba husomwaje, wimbo ukishatoka ni mali ya nani, na jamii iliutakia nini wimbo huo kabla hata haujaanza kuuzwa. Wanaoishi kwa sanaa ni wengi kuliko wanaoonekana jukwaani. Shule zetu hazina somo la watu hao.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, umetufungulia mlango kidogo. Kazi za mradi sasa zina uzito, na asilimia 20 ya alama za UCE, mtihani wa kumaliza sinia ya nne, hutokana na tathmini inayofanyika shuleni. Basi nikawatuma wanafunzi wangu wa sinia ya tatu, yaani mwaka wa tatu wa sekondari, kwenye kwanjula moja hapa Jinja, sherehe ya bwana harusi kutambulishwa kwa wakwe, kwa ruhusa ya wenye sherehe. Hawakwenda kucheza wala kuimba. Walikwenda na daftari kuifuata shilingi: imetoka kwa nani, imeingia mfukoni mwa nani.

Walirudi na orodha ndefu. Kulikuwa na mama aliyeshona gomesi, magauni rasmi ya kina mama, za upande wa bibi harusi, na mwingine aliyekodisha kanzu. Kulikuwa na wenye mahema, wapambaji, fundi mitambo ya sauti na jenereta yake, mpiga picha, kijana wa droni, mchapaji wa kadi. Kulikuwa na wasemaji wa pande mbili, ambao mtaji wao ni ulimi peke yake: methali, mafumbo, vijembe vya heshima, kumchokoza mkwe bila kumtukana. Kulikuwa na kundi la ngoma. Binti mmoja hakutosheka, akauliza ngoma zenyewe zilitoka wapi, akaambiwa Mpambire, kule kwenye barabara ya Masaka, ambako familia nzima hula kwa kuwamba ngoma. Akaandika pia kwamba engalabi, ile ndefu, desturi yake ni kuwambwa ngozi ya kenge, si ya ng'ombe, na kwamba aliyemweleza hayo alikuwa mpigaji mzee ambaye hakuna shule yoyote iliyowahi kumwita aje kuyasema.

Halafu wakaniuliza swali ambalo silabasi yangu haina jibu lake. Mbona wachezaji, waliotoka jasho mchana kutwa, ndio waliolipwa mwisho na kidogo kuliko wote? Tulilijadili darasani hadi kengele ikalia. Jibu walilifikia wenyewe walipozilinganisha daftari zao: fundi mitambo hateremshi spika hata moja kabla hajapokea malipo ya awali, na bei yake imeandikwa. Kundi la ngoma lilikuja kwa maneno ya simu, likacheza, kisha kiongozi wake akaanza kubembelezana na mwenye sherehe wakati mahema yanang'olewa. Ngoma yao ilikuwa nzuri kuliko chochote kilichotoka kwenye zile spika. Walichokosa ni karatasi.

Mheshimiwa, kwa karatasi nimeona makubwa zaidi ya hayo. Mwanafunzi wangu wa zamani, mwenye sauti nzuri, aliingia studio ya mtu fulani akapewa nafasi ya kurekodi bure. Kabla ya kutoka aliwekewa ukurasa mmoja mbele yake, akatia sahihi. Ukurasa huo ulisema anakabidhi haki zote za wimbo. Leo wimbo unapigwa kwenye mabaa na kwenye sherehe, naye anausikia kama sisi sote. Kijana huyu alifaulu vizuri. Angeweza kukueleza tofauti ya tanzia na ramsa bila kukwama. Hakuna aliyemwambia kwamba Uganda ina Sheria ya Hakimiliki ya 2006, kwamba haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwamba kazi inaweza kuandikishwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili, au kwamba tuna chama cha kukusanya mirabaha, UPRS, tangu 1985. Mimi nikiwa mwalimu wake sikuwa na kipindi cha kumwambia, na mtihani haukuuliza.

Najua jibu linalokuja: nchi inahitaji sayansi. Naliheshimu jibu hilo, ingawa linatuuma mfukoni. Tangu mwaka wa fedha 2022/23 mwalimu wa sayansi mwenye shahada hulipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi, na mwenzake wa sanaa hafikii hata theluthi yake. Barua hii si ya mshahara. Wenzangu waligoma kwa ajili hiyo 2022 na tena 2025, nami nina moja tu la kuongeza: mwalimu wa Kiswahili, somo ambalo serikali yenyewe imelifanya la lazima, amewekwa upande huohuo wa wasioongezwa. Tuendelee.

Kwa anayedhani sanaa na sayansi ni maadui, ningemwomba afike Nakibembe, hapahapa Busoga. Embaire ya kijiji hicho ni marimba makubwa ajabu. Mbao zake hulazwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini, na shimo ndilo linaloikuza sauti. Wapigaji huketi pande zote mbili wakipokezana, kila mmoja na sehemu yake, hata ukisikiliza unashindwa kujua mkono upi umetoa sauti ipi. Kuilinganisha ni kazi ya subira: ukichonga ubao katikati, upande wa chini, sauti inashuka, ukipunguza ncha zake, inapanda. Fundi anachonga kidogo, anagonga, anasikiliza, anachonga tena. Mwalimu wa fizikia akimleta mwanafunzi hapo hatahitaji kuchora mawimbi ubaoni. Na soko lipo pia, maana kundi la kijiji hicho lilitoa albamu 2023 iliyowafikia wasikilizaji wa mbali sana na Busoga.

Na bigwala je? Hizo ni tarumbeta za vibuyu za ufalme wa Busoga. UNESCO ilipoziweka mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, wazee mabingwa waliobaki walikuwa wanne tu. Mhadhiri mmoja wa Chuo Kikuu cha Kyambogo alipoanza kazi ya kuzifufua, alikuta hata vibuyu vyenyewe vimeadimika. Ikabidi mbegu zitafutwe, zipandwe, zisubiriwe, ndipo vijana wafundishwe kupuliza. Kupuliza kulikuwa hatua ya mwisho kabisa. Ukitaka kumweleza mtoto kwamba sanaa ina mkulima wake, fundi wake, mwalimu wake na mteja wake, huna haja ya kutafuta mfano ng'ambo.

Hata hivyo naogopa jambo moja. Tukishaanza kusema sanaa ni kiwanda, watatokea wa kuipima kwa shilingi peke yake, na wimbo usioingiza kitu utaonekana takataka. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alirudi nyumbani kutoka Sweden akatangaza hadharani kwamba ana virusi vya UKIMWI. Siku hizo ugonjwa uliitwa Slim, na wagonjwa walifichwa kwenye vyumba vya nyuma. Yeye alizunguka shule na makanisa akiimba na kuzungumza na vijana, hali afya inamwishia, hadi alipofariki Desemba mwaka huohuo. Serikali ilikuwa na madaktari, mabango na redio, lakini ilimhitaji mwanamuziki ili watu wakubali kwamba ugonjwa una sura ya mtu wanayemfahamu. Kazi ile utaiandika kwenye safu gani ya pato la taifa?

Upo na upande mwingine wa jamii na msanii wake, ambao hatupaswi kuwaficha wanafunzi. Byron Kawadwa, aliyekuwa akiiongoza National Theatre, alikamatwa 1977 na watu wa utawala wa Idi Amin, akauawa. Mwanafunzi anayeisoma sanaa kama kazi ajue pia kwamba wapo waliolipa kwa roho zao, na ajue sheria inamlinda wapi na inamwacha wapi. Nikilifundisha hili darasani, Mheshimiwa, ningependa kuwa na silabasi mkononi ya kumwonyesha mkaguzi.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa katika chuo cha Makerere, Kampala, mwaka 1937, kwenye baraza ya nyumba yake, na shule iliyozaliwa hapo inaitwa mpaka leo shule ya sanaa za viwanda na sanaa bora. Walikuja hapo vijana wa Afrika Mashariki nzima. Sam Ntiro alitoka Kilimanjaro, akawa mchoraji na mwalimu, kisha balozi wa Tanganyika mjini London. Gregory Maloba alitoka Kenya, na sanamu yake ya uhuru wa 1962 bado imesimama katikati ya Kampala. Mwaka 1965 Makerere ikaanzisha tamthilia ya kusafiri, wanafunzi wakawa wanapeleka michezo vijijini, mingine kwa Kiswahili. Jirani zetu Watanzania wana chuo cha sanaa Bagamoyo tangu 1981, ambacho sasa ni TaSUBa, na wanaotaka kuishi kwa jukwaa wana mahali pa kwenda hata kama hawakupata alama za chuo kikuu. Sisi tuliotangulia tumebaki na digrii Kampala, na huku chini kilichopo ni kidogo mno.

Kwa hiyo naomba haya. NCDC, kituo cha taifa cha kutunga mitaala, iingize katika Sanaa za Maonyesho, na katika Sanaa na Ubunifu, sehemu kamili ya kazi yenyewe: kukadiria bei, mkataba, hakimiliki, mirabaha, kodi, kuandaa shoo tangu kukodi ukumbi hadi kufagia. Isiwe kiambatisho cha kurasa mbili mwishoni. Ipimwe kwa mradi kama ule wa kwanjula, mtoto aende palipo na kazi, ahesabu, aulize. Busoga watakwenda kwenye embaire, Arua na Bombo watakwenda kwenye harusi za Wanubi na kwa wafumaji wa vikapu, Kampala watakwenda studio. Kila mahali pana chake.

La pili ni la mafundi. Nchi hii ina utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia kazi nje ya darasa na kumpa cheti, nasi tumeona mafundi makanika na wasusi wakinufaika. Utaratibu huo uwafikie kwa wingi fundi mitambo, mwamba ngoma, mpambaji, mshona mavazi ya jukwaani. Na wale walio mabingwa waruhusiwe kuja kufundisha kwa malipo bila kudaiwa digrii. Yule mzee wa engalabi hatakuwa na digrii kamwe, wala haihitaji.

Na vyuo vikuu vipewe fedha za kuichunguza kazi hii kwa kina, wilaya kwa wilaya, ili siku Bunge likiuliza sanaa inalisha watu wangapi Uganda, jibu lisiwe la kukisia. Utamaduni uko chini ya Wizara ya Jinsia, elimu iko kwako, na msanii huwa anatumwa kutoka ghorofa hii kwenda ile. Mwanafunzi wangu ni mmoja, naye yuko chini yenu nyote wawili.

Ripoti za sinia ya tatu ninazo hapa, zimeandikwa kwa kalamu, na baadhi zina madoa ya mchuzi. Afisa wa mtaala akitaka kuzisoma, namkaribisha Jinja. Aje Jumamosi, maana siku hiyo patakuwa na kwanjula mahali fulani na wanafunzi watampeleka. Siku za shule atatukuta kwenye ratiba, ambako somo hili lina vipindi viwili kwa wiki, na kimoja huchukuliwa na mazoezi ya kumpokea mgeni.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Kiswahili na Sanaa za Maonyesho,
Jinja

Nakala: Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, Mkurugenzi wa NCDC